Bega lisilonyanyuka na altrasaundi

Kwa wengi wetu altrasaundi ni kipimo cha wajawazito. Anayeumwa bega huenda kupiga eksirei, na si ajabu akarudi na picha ya mifupa mizima huku mkono haunyanyuki hata kuvaa shati. Eksirei haikukosea. Kinachouma mara nyingi si mfupa, ni kano inayoshikisha msuli kwenye mfupa, na hapo eksirei haina la kusema.

Altrasaundi inaiona kano hiyo. Tumboni hutumika mawimbi ya megahezi 2 hadi 5 kwa sababu yanafika mbali. Kwa mkono hutumika ya 10 hadi 18: hayaendi kina kirefu, lakini yanachora vitu vidogo kwa ufasaha, na sehemu nyingi zinazougua mkononi ziko karibu na ngozi. Wazo la kuelekeza sauti kwenye viungo si jipya: Karl Dussik, daktari mzaliwa wa Vienna, na wenzake walikuwa wakipima jinsi tishu za viungo zinavyomeza sauti tangu mwaka 1958.

Bega ndilo linalodai ufundi zaidi. Kano ya supraspinatasi, msuli unaosaidia kuunyanyua mkono kwa upande, hujificha chini ya ncha ya mfupa wa bega, na sauti haipenyi mfupa. Kwa hiyo mgonjwa huketi kwenye stuli, akaambiwa aweke kiganja kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, kiwiko kielekee nyuma. Kano inachomoza mbele. Ikiwa nzima huonekana mistari myembamba myeupe iliyolala sambamba. Ikiwa imechanika, mistari hukatika na pengo jeusi hujitokeza, mara nyingi lenye majimaji.

Lakini weusi huo unaweza kudanganya. Sauti ikiigonga kano wima, mwangwi hurudi kwenye probu, kifaa anachokishika mpimaji. Probu ikiinama nyuzi chache tu, mwangwi hukimbilia pembeni na kano isiyo na dosari ikageuka nyeusi. Asiye na uzoefu ataandika kwamba imechanika, na mgonjwa ataanza kuwaza upasuaji. Ndiyo maana mpimaji makini huinamisha probu huku na huku kabla ya kuamini weusi wowote, kisha akaliangalia pengo kwa pande mbili, urefu na upana.

Mtego huohuo ni msaada kwenye kifundo cha mkono. Hapo kuna njia nyembamba ambamo kano 9 za kukunjia vidole hupita pamoja na neva ya kati. Neva ikibanwa, kidole gumba, cha shahada na cha kati hufa ganzi, hasa usiku, hata mtu akaamka akiukung'uta mkono. Kisukari na ujauzito huongeza uwezekano wake. Kuitafuta neva katikati ya kano hizo, mpimaji huinamisha probu: kano hufifia, neva hubaki ikionekana, yenye vitobo kama sega la nyuki. Akimwambia mgonjwa akunje vidole, kano huteleza mbele na nyuma ilhali neva haisogei sana. Kisha hupima eneo lake. Likizidi milimita za mraba 10 hivi, na dalili zikiafikiana, shaka ya kubanwa huwa kubwa.

Kiwiko nacho kina neva ya alna, ambayo kwa baadhi ya watu huruka juu ya mfupa mkono unapokunjwa. Altrasaundi huuona mruko huo mkono ukikunjwa, lakini MRI, inayomtaka mtu atulie tuli, haiwezi kuunasa kwa urahisi.

Hata hivyo picha haitoshi. Watu wengi waliopita miaka 60 wana kano za bega zilizochanika na hawaumwi chochote, kwa hiyo kulipasua bega kwa sababu ya picha pekee ni kosa. Barua inayompeleka mgonjwa kwenye kipimo itaje mkono upi, maumivu yako wapi na yanaamshwa na mwendo gani, maana mwendo huo ndio mpimaji atakaomwomba aurudie probu ikiwa palepale panapouma.