Fahamu: Mpangaji wa Athi River na basari ya chuo kikuu

Marekani, mwanafunzi akithibitisha ni mkazi wa jimbo fulani, hulipa karo nafuu katika chuo kikuu cha umma cha jimbo hilo. Kenya haina utaratibu huo. Mfumo wa ufadhili ulioanza 2023 huangalia hasa uwezo wa familia.

Ukazi huulizwa kwenye basari. Ile ya NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa maeneobunge) ya Mavoko, eneobunge lenye Athi River, ni ya wakazi wake. Fomu za aina hii kwa kawaida hutaka sahihi ya chifu, nakala za vitambulisho vya wazazi na barua ya kujiunga na chuo. Kamati nyingine za basari huuliza hata ulikojiandikisha kupiga kura. Hapo mpangaji hukwama. Amefanya kazi katika viwanda vya EPZ miaka na mikaka, lakini kitambulisho chasema Kitui na kura hupigia kijijini. Kumnyima kwa hilo ni dhuluma, naona, maana watoto wamesomea hapa hapa. Basi ajulikane kwa chifu mapema, si wiki ya fomu.

Basari ya kaunti ina utata wake: Katiba ya 2010 iliziachia kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, si vyuo vikuu, na Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alitaka kaunti zifanye kwanza makubaliano na serikali kuu kabla ya kutoa basari.