Neno "Msokoto" na Ugonjwa wa Ovari kwa Wasichana

Kitenzi sokota asili yake ni kazi ya mikono: husokotwa kamba, husokotwa uzi, husokotwa nywele. Kwa mfano wa kazi hiyo watu husema "tumbo lanisokota", yaani lina maumivu yajayo na kwenda. Kwa kawaida ndani hapana kitu kilichosokotwa. Ni namna ya kusema tu. Lakini uko ugonjwa mmoja ambao kwao neno hili larudia maana yake ya asili, nao ni msokoto wa ovari.

Ovari ni viungo viwili vitoavyo mayai ya uzazi, kimoja kila upande wa mji wa mimba. Ovari ikijizungusha juu ya kano ziishikazo, mishipa ya damu hubanwa. Vena, kwa wembamba wa kuta zake, hufungwa kwanza. Ateri huendelea kuleta damu isiyopata njia ya kutoka. Basi ovari huvimba, na ikicheleweshwa hufa. Mara nyingi chanzo ni uvimbe wenye maji, ila kwa watoto hata ovari nzima yaweza kusokoteka. Upande wa kulia hupatwa zaidi, na kwa hiyo ugonjwa hudhaniwa kuwa ni wa kidole tumbo.

Njia ya kwanza ya kuutambua ni ultrasaundi, ambayo Ian Donald na wenzake wa Glasgow waliieleza mwaka 1958 kwa maradhi ya wanawake. Chombo hupeleka mawimbi ya sauti yapitayo uwezo wa sikio, yaani zaidi ya mitetemo 20,000 kwa sekunde, na mwangwi wake hufanywa picha. Msichana hupimwa juu ya ngozi ya tumbo, kibofu kikiwa kimejaa, maana mkojo hupitisha mawimbi vizuri. Mpimaji hulinganisha ovari mbili: iliyosokoteka huwa kubwa kuliko mwenzake, vijifuko vya mayai vimesukumwa pembeni, na pengine mishipa yaonekana imejiviringa kama maji ya kizingia.

Kipimo cha Doppler huonyesha mwendo wa damu. Hapa pana hadhari: ovari hupata damu kwa njia mbili, kwa hiyo kuonekana kwa damu hakuthibitishi kwamba msokoto haupo.

Katika Nyakisasa, wilayani Ngara, ambako Kihangaza na Kishubi ni lugha za nyumbani, maneno ya msichana yaweza kupita katika Kiswahili cha mzazi kabla ya kuandikwa na mganga kwa Kiingereza. Akisema mzazi kwamba ni "chango", neno hilo lachukua maumivu mengi ya tumbo, na saa zapotea. Yafaa kuuliza: yalianza ghafla? Yako upande mmoja? Anatapika? Majibu hayo ndiyo yanayomharakisha mgonjwa kwenye kipimo na upasuaji.

Zamani ovari iliyogeuka nyeusi ilikatwa. Mwaka 2019 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kilishauri kwamba kwa wasichana irudishwe mahali pake na kuhifadhiwa, kwani nyingi hupona. Kwa tendo hilo lugha yetu ina kiambishi tayari: kama funga izaavyo fungua, ndivyo sokota izaavyo sokotoa.