Triathloni: Ini la Anayefika Mwisho

Triathloni ni shindano moja lenye michezo mitatu inayofuatana bila mapumziko, yaani kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, na saa ya mshindani haisimami hata pale anapojifuta maji, kuvaa kofia ngumu na kuhangaika na viatu. Masafa yake hutofautiana: yale yaliyoingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 ni kilomita 1.5 majini, 40 juu ya baiskeli na 10 kwa miguu, ilhali masafa marefu ya Ironman, yaliyoanzia kisiwa cha Oahu huko Hawaii mwezi Februari 1978 kwa washindani 15 ambao 12 tu kati yao walimaliza, ni kilomita 3.8, 180 na 42.2. Wengi wa wanaoingia humo leo ni wanamichezo wa ridhaa, watu wanaojilipia kiingilio, wanaofanya mazoezi alfajiri kabla ya kazi, na wasio na kocha wala daktari wa kuwafuata nyuma.

Watazamaji, na makocha wengine pia, humchukulia mwanamichezo wa ridhaa kama bingwa aliyepunguziwa mwendo, jambo ambalo kwa upande wa fiziolojia, elimu ya utendaji kazi wa mwili, si sahihi. Mbelgiji Luc Van Lierde alishinda Ironman ya Hawaii mwaka 1996 kwa saa 8, dakika 4 na sekunde 8, lakini kanuni za mashindano ya aina hiyo kwa kawaida humpa mshiriki wa mwisho muda wa saa 17. Anayefika mwisho hufanya kazi ya kasi ndogo, ni kweli, ila huifanya kwa muda unaozidi maradufu, na katika muda huo lazima ale, anywe na avumilie jua, mambo ambayo bingwa huyamaliza kabla ya mchana kupita. Misuli yake huenda isichoke zaidi kuliko ya bingwa. Kinachotiwa majaribuni zaidi ni ini, utumbo na kiasi cha chumvi katika damu.

Woluwe-Saint-Lambert, au Sint-Lambrechts-Woluwe kwa Kiholanzi, ni mojawapo ya manispaa 19 za Mkoa wa Brussels, na ni mahali pazuri pa kulitazamia jambo hili, kwa kuwa ndani ya manispaa moja mna bwawa la kuogelea la Poseidon, viwanja vya michezo vya Fallon, na eneo la tiba la chuo kikuu cha UCLouvain pamoja na hospitali yake ya Saint-Luc iliyofunguliwa mwaka 1976. Msomaji wa Kiswahili aliyeizoea Brussels ya Matonge, mtaa wa Wakongo ulioko Ixelles, atauona huu kuwa upande mwingine wa jiji, upande wa mashariki wenye bustani na bonde la kijito kilichoipa manispaa jina. Hapo ndipo ilipo taasisi ya utafiti iliyoanzishwa mwaka 1974 na Christian de Duve, mwanasayansi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka huohuo, na ambayo sasa inaitwa kwa jina lake.

De Duve alisifika kwa kugundua laisosomu, vifuko vidogo ndani ya seli vinavyomeng'enya takataka zake, lakini hakuwa akivitafuta. Alichokuwa akikifuatilia ni namna homoni ya insulini inavyoathiri sukari ndani ya ini, na kimeng'enya alichokishughulikia, kinachoitwa glukosi-6-fosfatasi, ndicho kinachomgusa mwanamichezo moja kwa moja. Mwili huhifadhi sukari kwa umbo la glikojeni, yaani molekuli nyingi za glukosi zilizounganishwa kama shanga katika utepe wenye matawi, na mtu mzima aliyeshiba huwa na takriban gramu 100 za akiba hiyo katika ini na gramu 400 au zaidi katika misuli. Ili glukosi itoke ndani ya seli na kuingia kwenye damu, ni lazima kwanza ivuliwe fosfati iliyoishikilia, kazi inayofanywa na kimeng'enya hicho, na misuli haina kimeng'enya hicho kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo sukari iliyoingia kwenye paja hubaki kuwa mali ya paja, na mshindani anaweza kuwa na miguu yenye akiba huku ubongo wake, unaotegemea ini kwa chakula chake, ukianza kufifia: anaona kizunguzungu, anakasirika bila sababu, anasahau upande wa kukata kona. Ini hutumia sehemu kubwa ya akiba yake usiku mtu anapolala, na ndiyo sababu kifungua kinywa cha siku ya shindano, hata kikiwa uji mwepesi na mkate saa tatu kabla ya kuanza, si anasa.

Mwaka 1980 watafiti wa taasisi hiyohiyo ya Woluwe, Émile Van Schaftingen, Louis Hue na Henri-Géry Hers, walieleza molekuli ambayo haikuwa ikijulikana, fruktosi-2,6-bisfosfati, inayopatikana kwa kiasi kidogo mno katika ini lakini yenye amri kubwa. Inapokuwa nyingi, baada ya mlo, ini huvunja sukari. Inapopungua, kwa amri ya homoni ya glukagoni ambayo hupanda katika njaa na kazi ndefu, ini hugeuza mwelekeo na kuanza kutengeneza glukosi mpya. Malighafi yake ni pamoja na laktati, ile bidhaa ya misuli inayofanya kazi, ambayo kwa miaka mingi ilisingiziwa kuwa sumu ya uchovu ilhali ini huirudisha kwenye damu ikiwa sukari, mzunguko ulioelezwa na Carl na Gerty Cori, ambao de Duve aliwahi kufanya nao kazi Marekani. Kwa anayemaliza kwa saa 8 kiwanda hiki ni msaada. Kwa anayemaliza kwa saa 15 au 16 ni mhimili, ila uwezo wake una kikomo, na pengo hujazwa kwa mdomo.

Hapo utumbo unaingia. Glukosi huvuka ukuta wa utumbo mwembamba kwa kubebwa na protini maalumu, ambazo hujaa kazi inapofika takriban gramu 60 kwa saa, na kinachozidi hapo hubaki tumboni kikivuta maji na kuleta kichefuchefu au kuhara. Fruktosi, sukari ya matunda, hupita mlango wake mwingine, hivyo anayechanganya aina hizo mbili anaweza kufikia gramu 90 kwa saa, na makampuni huuza jeli za bei kali kwa hoja hiyo. Ni hoja ya kweli, lakini inafaa kukumbuka kwamba sukari ya kawaida ya kutilia chai ni molekuli moja ya glukosi iliyofungwa na moja ya fruktosi, na kwamba ndizi mbivu, tende na asali zina zote mbili. Gramu 90 ni karibu vijiko 20 vya chai kila saa, kiasi ambacho tumbo lisilozoezwa hukikataa, hasa kwa vile kazi nzito katika joto huondoa sehemu kubwa ya damu utumboni na kuipeleka kwenye misuli na ngozi. Utumbo nao huzoezwa, kwa kula wakati wa mazoezi wiki nyingi kabla, wala si asubuhi ya shindano.

Kuhusu maji, ushauri wa zamani wa kunywa kabla ya kiu umegharimu maisha. Mtu anayekunywa kupita anachotoa huzimua damu yake, sodiamu ikashuka chini ya milimoli 135 kwa lita, maji yakaingia katika seli, na ubongo, uliofungiwa ndani ya fuvu, ukavimba hadi kuleta degedege na kifo. Katika utafiti wa mbio za marathoni za Boston za mwaka 2002, uliochapishwa mwaka 2005, asilimia 13 ya wakimbiaji 488 waliopimwa walikuwa na upungufu huo, na ulihusishwa na kuongezeka uzito njiani na kukimbia kwa zaidi ya saa 4. Mwenye kasi hana nafasi ya kunywa sana. Mwenda pole husimama katika kila meza, hupewa kikombe na hupigiwa makofi akikimaliza.

Hatari kubwa zaidi ya ghafla ipo majini. Uchunguzi wa mashindano ya Marekani kati ya 1985 na 2016 ulihesabu matukio 135 ya vifo na ya moyo kusimama ghafla, karibu 1.74 kwa kila washiriki 100,000, na theluthi mbili yalitokea wakati wa kuogelea. Maji baridi yakigusa ngozi, mtu hutweta bila hiari na mapigo ya moyo hupanda, ilhali uso uliozama huamrisha moyo upunguze mwendo, na amri hizo mbili zinazopingana zinaweza kuuvuruga. Mtweto huo hutulia ndani ya dakika 2 au 3, na hupungua sana kwa aliyejizoesha kuingia kwenye baridi mara tano au sita. Lakini kwa muda mrefu Brussels haikuwa na bwawa la umma la wazi, hadi Flow lilipofunguliwa Anderlecht mwaka 2021, kwa hiyo muogeleaji aliyelelewa na maji ya vuguvugu ya ndani, penye mstari mweusi sakafuni na ukuta wa kushika, anaweza kukutana na ziwa lenye giza kwa mara ya kwanza siku ileile ya shindano.

Moyo wenyewe umechunguzwa kwa karibu na watafiti, wakiwamo wa Leuven, mji ulio jirani na Brussels. Utafiti wa mwaka 2012 wa wanamichezo 40 ulionyesha kwamba baada ya mashindano marefu chumba cha chini cha kulia cha moyo hulegea kwa muda, na kwa wengi hurudia hali yake ndani ya wiki moja.

Linalobaki ni Jumatatu, ambapo mwanamichezo wa ridhaa hurudi kazini akishuka ngazi za metro kinyumenyume, kwa kuwa misuli ya mapaja iliyofanya kazi ya kujizuia huku ikirefuka imechanika kwa chembechembe. Akipimwa damu siku hiyo, vimeng'enya vya misuli hukutwa juu, na troponini, protini ya moyo inayotumika kutambua shambulio la moyo, huweza kuwa imepanda hata kwa mwenye afya, ikishuka katika siku 1 hadi 3. Daktari asiyeambiwa habari za shindano la Jumapili anaweza kumlaza bure, na mgonjwa mwenye maumivu ya kifua anaweza kujidanganya kwa habari hizohizo, kwa hiyo kipimo hurudiwa baada ya saa chache ili ionekane kama kiwango kinapanda au kinashuka.