Mashua Bapa za Wawinda Bata

Mtu aliyezoea kuona majahazi ya Lamu au mitumbwi ya Ziwa Victoria, akionyeshwa mashua ya wawinda bata wa Uingereza, huenda akadhani kwamba fundi ameiacha kazi yake katikati. Kimo chake juu ya maji ni inchi chache tu. Sakafu yake ni bapa kama meza, na kwa mbele hutokeza mtutu wa bunduki uliopita kimo cha mtu. Lakini kila inchi ya mashua hiyo ina sababu yake. Kati ya watu waliozipuuza sababu hizo, wengine walirudi nyumbani mikono mitupu, na wengine hawakurudi kabisa.

MAHALI PASIPO MAFICHO

Pwani ya mashariki na ya kusini ya Uingereza ina midomo mipana ya mito na ghuba zenye maji haba, kama vile mdomo wa mto Blackwater katika Essex, ghuba ya Wash, na bandari ya Poole. Maji yakipwa, huonekana uwanda mkubwa wa tope laini uliokatwa na vijito. Majira ya baridi yanapofika, maelfu ya bata na bata bukini huziacha nchi za kaskazini, ambako maji hugeuka barafu, wakaja kujilisha katika uwanda huo. Hapo hapana mti wala kichaka cha kumficha mwindaji. Akienda kwa miguu, tope humshika hata mapajani. Akienda kwa mashua ya kawaida, ndege humwona tangu mbali, wakaruka.

Basi wavuvi wa sehemu hizo walijitengenezea mashua iwezayo kupita katika maji ya kina cha shibiri moja, nayo isionekane. Kwao jambo hili halikuwa mchezo. Wakati wa baridi kali uvuvi hupungua, na mtu mwenye watoto aliwategemea bata aliowauza ili apate mkate na makaa ya kupashia nyumba moto. Katika karne ya 19, reli zilipofika pwani, ndege waliopigwa usiku waliweza kupelekwa London na kuuzwa katika soko la Leadenhall.

Matajiri nao waliipenda kazi hiyo, wakaifanya kwa kujifurahisha. Mmoja wao alikuwa Kanali Peter Hawker, askari aliyejeruhiwa katika vita vya Talavera, Hispania, mwaka 1809. Mwaka 1814 alitoa kitabu cha kuwafundisha vijana uwindaji, na nyumba yake ya Keyhaven, pwani ya Hampshire, ilikuwa mahali pake pa kuwindia bata. Alikufa mwaka 1853. Baada yake Sir Ralph Payne-Gallwey, katika kitabu chake cha mwaka 1882 juu ya uwindaji wa ndege wa Ireland, alieleza kwa vipimo jinsi mashua na bunduki hizo zinavyotengenezwa.

KAZI YA FUNDI

Mashua ya mtu mmoja huwa na urefu wa futi 17 au 18 hivi, na upana wa futi 3 au pungufu kidogo. Ya watu wawili hufika futi 22 au zaidi, na upana wa futi 4 hivi. Fundi huanza na sakafu. Huchagua mbao ndefu za msonobari zisizo na vifundo, akaziunganisha ubavu kwa ubavu, kisha akakaza juu yake mataruma ya mti mgumu kama mwaloni. Misumari yake ni ya shaba, maana msumari wa chuma huliwa upesi na maji ya chumvi.

Sakafu hiyo huitwa bapa, lakini fundi mwema haiachi iwe bapa kabisa. Huipinda kidogo sana, hata omo na tezi zikainuka kuliko katikati. Sakafu iliyonyooka kabisa hunata topeni, na mashua hukataa kugeuka. Iliyopindwa mno nayo huyumbayumba, ikaharibu shabaha.

Pande zake ni mbao nyembamba zenye kimo cha inchi chache. Sitaha huifunika sehemu yote ya mbele, na mgongo wake umeinuka kidogo kama wa kobe, ili wimbi likipanda literemke tena baharini. Nyuma ya sitaha huachwa nafasi ya wazi, ambamo mwindaji hulala, nayo huzungushiwa ukingo wa ubao wa kuzuia maji. Mwisho mashua hutiwa kalafati, ikapakwa rangi ya kijivu isiyong'aa, inayofanana na maji ya alfajiri wakati wa baridi.

Ugumu wa kazi umo katika kupima kimo cha pande hizo. Fundi akiziongeza inchi mbili, mwenye mashua atakuwa salama zaidi katika mawimbi, lakini bata watamwona. Akizipunguza inchi mbili, bata hawatamwona, lakini upepo mdogo waweza kumzamisha. Shauri hilo haliwezi kumalizwa na kitabu. Fundi humwuliza mteja atawinda katika maji gani, ana uzito gani, na bunduki yake ina uzito gani, ndipo ashike msumeno.

BUNDUKI NA KAMBA YAKE

Bunduki yenyewe huwa na urefu wa futi 8 mpaka 10, na uzito wake hufika ratili 100 au kupita, yaani nusu ya gunia la mahindi. Hutiwa ratili nzima ya marisau kwa mlio mmoja, na zile kubwa za mashua ya watu wawili hutiwa zaidi. Hakuna bega la mwanadamu liwezalo kustahimili kishindo hicho. Kwa hiyo bunduki hulazwa juu ya panda iliyokazwa kwenye sitaha, na kamba nene hupitishwa katika tundu la mti wa omo, ikafungwa pande mbili za mtutu. Baruti inapowaka, bunduki hutaka kurudi nyuma. Kamba huizuia, mashua nzima husukumwa kinyumenyume, na nguvu ile ikaishia majini. Mwindaji mwenye akili huikagua kamba hiyo kabla ya kila safari, maana ikikatika, chuma chote kile kitamrudia usoni.

Tena bunduki haigeuzwi kulia wala kushoto. Mwenye kulenga huigeuza mashua yenyewe, ndiyo sababu mashua isiyotii mkono haina faida, hata ikiwa imejengwa kwa mbao nzuri namna gani.

SAFARI YENYEWE

Mwindaji huondoka nyumbani akijua saa ya maji kujaa na ya kupwa, na upepo unatoka wapi. Akiwaona ndege kwa mbali, hulala kifudifudi nyuma ya bunduki, akanyosha mikono yake nje ya pande za mashua. Katika maji haba husukuma kwa upondo mfupi; katika maji ya kina hutumia makafi madogo. Mikono hiyo imo katika maji ya baridi kali, na vidole hufa ganzi. Hawezi kuinua kichwa, wala kukohoa, wala kugonga ubao. Kwenda mwendo wa nusu maili namna hiyo huweza kuchukua saa nzima, na mara nyingi mwishoni ndege mmoja huingiwa na shaka, akapiga kelele, kundi zima likaruka, na kazi yote ikawa bure. Usiku wa mbalamwezi huja akiuelekea mwezi, ili bata waonekane weusi juu ya maji yanayometameta.

Akifika yadi 70 hivi, huinua mdomo wa bunduki kwa kubonyeza kitako chake, akavuta kamba ya kufyatulia. Baada ya mlio huja kazi ambayo mtu mwungwana haiachi, nayo ni kuwafuata ndege waliojeruhiwa na kuwamaliza kwa bunduki ndogo ya begani. Na wakati huo wote maji hayamngoji mtu. Maji yakipwa ghafula, mashua hukaa juu ya tope mpaka yarudi, na mtu hushinda humo katika baridi. Ukungu ukishuka, asiyekuwa na dira huweza kupiga makasia kuelekea bahari kuu huku akidhani anakwenda nyumbani.

KIPIMO CHA MAVUNO

Kwa miaka mingi wawindaji walipima kwa uangalifu mashua zao, baruti zao na maji yao, lakini ndege hawakuwapima. Wengi waliona kwamba makundi yajayo kila mwaka hayana mwisho. Katika sehemu kadhaa mashua nyingi zilijipanga pamoja na kupiga kundi moja kwa ishara moja. Huko Marekani, katika ghuba ya Chesapeake, watu waliwinda usiku kwa bunduki za jinsi hiyo na kuwauza ndege katika miji mikubwa, mpaka sheria ya mwaka 1918 ya kuwalinda ndege wanaohama ilipoikomesha biashara hiyo.

Kisha likatukia jambo ambalo wawindaji hawakulitazamia. Mapema katika miaka ya 1930, ugonjwa uliziua sehemu kubwa ya nyasi za baharini katika pwani za Atlantiki. Nyasi hizo ndizo chakula kikuu cha bata bukini weusi wadogo, nao wakapungua sana. Hapo ikadhihirika kwamba kundi ambalo limekwisha kuvunwa mno halina akiba ya kulivusha siku ya njaa.

Wawindaji wenyewe walikuwa miongoni mwa walioamka. Tangu mwaka 1908 Stanley Duncan wa Hull alikuwa amekwisha kuanzisha chama cha wawinda ndege wa maji, akijua kwamba uwindaji usio na utaratibu utajiua wenyewe. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1954 iliwalinda bata bukini weusi wadogo wasipigwe kabisa, ikaweka miezi ya kuwapumzisha ndege wengine, tena ikakataza bunduki yenye mdomo unaozidi inchi 1¾. Sheria ya mwaka 1967 ilikataza kuwauza bata bukini wa mwitu waliokufa, na ile ya mwaka 1981 ikakataza kuwafukuza ndege kwa mashua ya injini ili kuwaua. Mwaka 1999 marisau ya risasi yalikatazwa Uingereza katika uwindaji wa bata, kwa sababu ndege huyameza pamoja na changarawe, yakawatia sumu. Bata bukini weusi wamerudi kuongezeka, na watu wachache sana wangali wanajenga mashua bapa na kuzitumia kwa upondo na kafi, kama wazee wao.

MWINDAJI ALIYEGEUKA MLINZI

Habari hii yote imo katika maisha ya mtu mmoja, Peter Scott, mwana wa Nahodha Robert Falcon Scott aliyekufa katika barafu ya kusini mwaka 1912. Katika ujana wake Peter alikuwa mwindaji hodari wa mashua bapa katika ghuba ya Wash. Mashua yake aliiita Kazarka, jina la Kirusi la jamii ya bata bukini. Siku moja, baada ya kupiga kundi, alimwona bata bukini mmoja aliyevunjika miguu, amekwama mbali juu ya tope ambalo hakuna mtu angeweza kulivuka. Siku ya pili yake ndege yule alikuwa yungali pale, hai. Jambo hilo lilimchoma moyo, naye baadaye akaacha kuwinda kabisa.

Mwaka 1946 alianzisha shirika la kuwatunza ndege wa maji huko Slimbridge, kando ya mto Severn. Ujuzi wake wa kuwanyatia ndege haukupotea, bali aliutumia kuwakamata kwa nyavu, kuwavisha pete miguuni na kuwaachilia, ili safari zao zijulikane. Mwaka 1961 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa shirika la WWF la kuhifadhi wanyama duniani. Alikufa mwaka 1989.

Baadhi ya bata wa jinsi hizo, kama yule mwenye mkia uliochongoka na yule mwenye mdomo mpana kama kijiko, huja pia katika maziwa ya Bonde la Ufa, kama Naivasha, wakati kaskazini kuna baridi. Mkulima awaonaye wakishuka majini alfajiri aweza kukumbuka jinsi wale wa pwani ya Uingereza walivyojifunza kwa gharama. Mtaka yote hukosa yote. Hata katika mwaka wa njaa, mwenye shamba hali mbegu yake. Na yule fundi aliyepima inchi mbili za ubao ili mtu asizame, angestahili kuwa na jirani anayepima vivyo hivyo idadi ya ndege wa kuchukua, na ya kuwaacha waende zao.