Uteuzi wa Mfumo wa Kudhibiti Matoleo: Funzo Kutoka Linux

Makala haya yanafafanua vigezo vitatu vya kuteua mfumo wa kudhibiti matoleo katika kundi la watunzi wa programu za kompyuta. Mfumo huu huhifadhi kila badiliko la msimbo: ni nani aliyelifanya, lini na kwa sababu gani. Mhakiki wa tenzi anaielewa haja hiyo. Nakala mbili za utenzi mmoja zinapotofautiana, na wanakili hawakuacha maelezo, yeye hubakia kukisia.

Kigezo cha kwanza ni mahali historia inapokaa. Katika CVS na Subversion, historia yote hukaa katika seva moja. Utaratibu huu ni rahisi kuusimamia, ila mtandao ukikatika, hakuna badiliko linaloweza kusajiliwa. Katika Git na Mercurial, kila mshiriki ana historia nzima katika kompyuta yake. Hata hivyo, makundi mengi ya kutunga michezo ya kompyuta, yenye faili kubwa za picha na sauti, hupendelea mfumo wa seva moja kama Perforce, kwani humruhusu mtu kuifunga faili anayoishughulikia.

Kigezo cha pili ni leseni. Mnamo 2002, Linus Torvalds aliteua BitKeeper kwa ajili ya kiini cha Linux. Mfumo huo ulikuwa bora, lakini ulimilikiwa na kampuni, na watunzi waliutumia bila malipo kwa hisani tu. Baadhi yao walilalamika. Mnamo 2005, kufuatia mzozo kuhusu mtunzi aliyechunguza utendaji wake, kampuni iliiondoa hisani hiyo. Aprili mwaka huo Torvalds alianza kuunda Git, na toleo la 2.6.12 la Linux, lililotoka Juni, lilisimamiwa kwa mfumo huo mpya. Si kila kundi lina mtu wa kuliokoa hivyo.

Kigezo cha tatu ni mazoea ya washiriki. Mnamo 2017, watunzi wa lugha ya Python walihama kutoka Mercurial hadi Git. Mercurial haikuwa imeharibika. Wachangiaji wengi walikuwa wamekwisha kuizoea Git.

Kwa hivyo, kabla ya kulinganisha wepesi wa mifumo, kundi lijiulize: historia ya kazi yetu imo mikononi mwa nani, na akiukunja mkono wake, tutabaki na nini?