Raha mbili za kilti

Mwanamume anayetoka na kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Scotland, kwenye mitaa ya Glasgow au Edinburgh hupata raha mbili kwa nguo moja: mwili unapata hewa, na watu wanamtazama. Raha ya kwanza imo ndani ya mshono. Ya pili iko mikononi mwa watu, nao wanaweza kumpa, kumnyima, au kumpa kupita kiasi hadi imchoshe. Kwa kuwa kazi yangu ni ushonaji, naanza na ile inayopimika kwa futi.

Kilti kamili ya sufu hula yadi nane za kitambaa, yaani zaidi ya mita saba, kwa mtu ambaye kiuno chake huenda hakifiki hata mita moja. Karibu kitambaa chote kinaishia nyuma, kwenye marinda. Fundi huyakunja kutoka nyonga hadi nyonga, huyashona kwa mkono kuanzia kiunoni hadi usawa wa makalio, kisha huyaachia. Mbele hakuna rinda: ni vipande viwili bapa vinavyopandana, cha juu kikifungwa upande wa kulia kwa vikanda vya ngozi vyenye bizimu. Mvaaji akipiga hatua marinda hufunguka, akisimama hujirudi. Kinachompima fundi ni miraba ya kitambaa. Kila rinda hukunjwa mahali ambapo mstari utakutana na mwenzake, hata kitambaa kilichofichwa zaidi ya nusu kionekane hakijaguswa.

Anayejua msuli ataielewa raha ya hewa haraka: hakuna mshono kati ya mapaja, na jasho halina pa kutuama. Tofauti ni kwamba msuli umefungwa duara, ukitaka kukimbia lazima uupandishe, ilhali kwenye kilti marinda yanakupa nafasi ya kukimbia, kuruka na kucheza ngoma usiku kucha. Uzito wa sufu nao huizuia kupeperuka kwa kila upepo. Mifuko haina, kwa hiyo pesa na funguo hukaa kwenye kipochi cha ngozi kinachoning'inia mbele kwa mnyororo. Kipochi hicho pia hukandamiza kitambaa mvaaji anapoketi.

Wapo wanaodai kilti ni dawa ya uzazi. Mwaka 2013 Erwin Kompanje, mtafiti wa Rotterdam, aliandika katika jarida la kitabibu la Scotland kwamba huenda ikaboresha mbegu za kiume, kwa kuwa korodani hufanya kazi vizuri zaidi zikiwa na joto pungufu kuliko mwili. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwachunguza wanaume 656, wakakuta waliozoea bukta zilizolegea wana msongamano wa mbegu uliozidi wa wenzao kwa asilimia 25. Lakini la Kompanje lilikuwa pendekezo tu, na watu wa Harvard hawakupima kilti. Ivae kwa starehe. Uzazi mwachie daktari.

Starehe yenyewe ina mipaka. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia askari wa vikosi vya nyanda za juu za Scotland waliingia nayo kwenye mahandaki ya Ufaransa. Chawa walijificha ndani ya marinda, na tope likiganda kwenye upindo lilikwangua ngozi ya magoti. Hata leo, jioni ya kiangazi kwenye nyanda hizo, visubi huwashambulia wenye miguu wazi bila huruma.

Sasa tuje kwenye macho ya watu. Macho ya kwanza yalikuwa ya serikali. Baada ya uasi wa wafuasi wa ukoo wa kifalme wa Stuart kuvunjwa katika vita vya Culloden mwaka 1746, Bunge la Uingereza lilipiga marufuku mavazi ya nyanda za juu kwa wanaume na wavulana, isipokuwa askari wa mfalme. Adhabu ya kosa la kwanza ilikuwa miezi sita jela, ya la pili kuhamishiwa makoloni kwa miaka saba. Sheria ilifutwa mwaka 1782. Miaka 40 baadaye Mfalme George IV alizuru Edinburgh, mwandalizi wa shughuli akiwa mwandishi Walter Scott, naye mfalme akajitokeza na kilti juu ya soksi ndefu za rangi ya ngozi. Nguo ya kumpeleka mtu jela ikawa nguo ya heshima.

Siku hizi bwana harusi mwenye kilti nje ya kanisa la Scotland hamshangazi mtu. Mpeleke Munich na mashabiki wa timu ya taifa ya soka ya Scotland, kama ilivyokuwa kwenye Euro 2024, na kila hatua ataombwa picha. Hapo ndipo wanaume wengi wanaposikia utamu wasioujua: suruali huwapitisha mjini bila kutambuliwa, kilti huwafanya wasifiwe na watu wasiowajua.

Pamoja na sifa huja swali lisiloisha: ndani umevaa nini? Wenye mzaha wana majibu tayari. Ila wapo wasiosubiri jibu. Mwaka 2017 wahudumu wa kiume wa baa moja ya Inverness waliacha kuvaa kilti kazini, kwa kuchoshwa na wateja waliokuwa wakiwafunua na kuwapapasa. Macho hayana pazia, lakini mikono haikupewa ruhusa. Wanawake wanaijua hesabu hii ya sifa na usumbufu tangu zamani. Kilti imewafundisha baadhi ya wanaume pande zake zote mbili.

Ukiwa mwanafunzi Scotland na umealikwa harusini, kodi kilti bila hofu. Maduka ni mengi na huhitaji kuwa na ukoo wa Kiskoti. Ifunge usawa wa kitovu, si nyongani kama suruali, upindo ufike katikati ya goti. Unapoketi, pitisha viganja nyuma ulaze marinda, kisha shusha kipochi kati ya mapaja. Saa ya kwanza utaivutavuta. Mikono ikishaacha kuutafuta upindo, ujue imekukaa, na hapo hata ukitazamwa hutajali.