Athari za kisukari na uzee katika jicho

Athari za kisukari na uzee katika jicho ni mabadiliko yanayotokea katika lenzi, ute na retina kadiri mtu anavyozeeka, au sukari inapokaa juu katika damu kwa muda mrefu. Kwa mgonjwa hufanana: mara nyingi uwezo wa kuona hufifia polepole, bila maumivu. Lakini sehemu inayoharibika si moja, na hilo ndilo huamua kama uwezo huo utarudi.

Lenzi haina mishipa ya damu. Chembe zake hazibanduki kama za ngozi. Mpya hupangwa juu ya zile za zamani, hivyo katikati ya lenzi ya mzee mna protini alizozaliwa nazo. Kufikia umri wa miaka 40 hivi lenzi huwa ngumu, ndiyo maana mtu huanza kusogeza sindano mbali na uso anapotia uzi. Baadaye protini hushikamana na kuleta ukungu uitwao mtoto wa jicho.

Kisukari hugusa lenzi hiyohiyo. Glukosi huingia humo bila kuhitaji insulini, kisha sehemu yake hugeuka sorbitoli, ambayo huvuta maji. Kwa sababu hiyo miwani iliyopimwa wakati sukari iko juu huenda isifae ikishashuka. Mtoto wa jicho naye huja mapema.

Madhara mabaya zaidi yako kwenye retina, utando wa nyuma unaopokea mwanga. Sukari hudhoofisha kuta za mishipa yake midogo: mingine hutuna na kuvuja, mingine huziba. Retina iliyokosa oksijeni huchochea mishipa mipya kuota, lakini hiyo ni dhaifu; hupasuka na kumwaga damu ndani ya ute, au huacha makovu yanayoivuta retina hadi ibanduke.

Mkulima wa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, au wa Nanganga, katika bonde la Lukuledi, akishindwa kuchambua korosho zake anaweza kudhani ni uzee tu, akangoja. Kama ni mtoto wa jicho peke yake, kwa kawaida bado anaweza kusaidiwa: lenzi hutolewa na ya plastiki huwekwa. Retina haina ya kuwekwa badala yake. Leza na sindano za dawa ndani ya jicho huzuia uharibifu kuliko kuurudisha nyuma, na hospitali kubwa za Dar es Salaam, kama Muhimbili na CCBRT, ziko mbali, zaidi ya kilomita 400. Hata upasuaji wa mtoto wa jicho hauleti nafuu kamili kama retina nyuma yake imekwisha kuharibika.

Kipimo chenyewe ni chepesi: matone hupanua mboni, kisha retina huangaliwa au hupigwa picha. Mwenye kisukari cha aina ya 2 hupimwa mara anapogunduliwa, halafu kwa kawaida kila mwaka, hata kama anaona vizuri. Matone hayo hutia ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo aliyekuja kwa pikipiki atafute wa kumwendesha kurudi.